Mafundi tunasema "njoo Ijumaa" tukijua kabisa haiwezekani. Nimejichunguza wiki tatu, njooni tuongee

#1 Fundi_Pindo

Wakuu habari za mchana.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Morogoro, huu mwaka wa 12 kwenye kazi hii. Najua humu kuna watu wanatuchukia mafundi na sababu mnazo. Leo sijaja kujitetea, kuna kitu kinanisumbua.

Mteja anakuja na kitenge chake, fundi nakitaka Ijumaa, mimi nasema sawa njoo Ijumaa. Kichwani najua Ijumaa hiyo nina watu kumi tayari, mashine moja, dogo anayenisaidia ana wiki nzima anaumwa. Ila mdomo unasema njoo Ijumaa. Sasa Ijumaa ikifika naanza kujificha. Simu naiweka kimya. Kuna siku nimekaa kwenye kibanda cha jirani yangu muuza chipsi namwangalia mteja wangu kasimama mlangoni kwangu nusu saa, kashika mfuko wa kubebea nguo yake. Mtu mzima miaka 37 nimejikunja nyuma ya kabati la chipsi, jirani ananiuliza nikuwekee na kachumbari?

Hiyo siku ndo niliamua nijichunguze. Daftari langu la vipimo nikaligeuza nyuma, kila nikisema ndiyo kwa kitu nisichoweza au nisichotaka naandika: nani, kaomba nini, nimejibuje, na mwili wangu ulikuwaje. Wiki tatu. Sio kazini tu, na nyumbani na mtaani.

Nilichokuta: ndiyo 43. Kati ya hizo, 19 nilikubali kabla mtu hajamaliza kuongea. Kuna mama alianza "fundi, hivi hii sketi ukiniwekea..." nikamkatiza hamna shida mama. Hakuwa ameomba kitu. Alikuwa anataka kuuliza bei ya bitana!! Kingine, kabla sijasema ndiyo huwa NACHEKA, kicheko kifupi hehe, halafu mkono unapanda shingoni kuvuta futi kamba. Nimeandika "nimecheka, nimeshika shingo" mpaka nikachoka, mwishoni nikawa naweka K/S tu. Ukurasa mzima K/S K/S K/S.

Maswali yangu: hii kitu inatoka wapi? Na mliowahi kuwa hivi mkaacha, mliachaje? Sitaki kugeuka mkali, nataka tu niweze kumwambia mtu hapana nikiwa nimesimama mlangoni kwangu.

#2 Chogo la Mwewe

Kumbe ni wewe. Rudisha kitenge changu kwanza, mengine baadaye.

#3 mzee wa busati

Hahahaha nimekaa paleee na kachumbari yangu nasubiri wajuzi.

#4 DotiMbili

Fundi upo Morogoro sehemu gani? Nauliza kwa sababu nina gauni la sendofu ya mdogo wangu lipo kwa fundi wiki ya nne sasa, maeneo ya Mji Mpya, na karibu na hapo kuna muuza chipsi. Sijasema kitu. Nauliza tu.

#5 Mkurupukaji

Mkuu Pindo usitupeleke kwenye malezi na utoto, hapo hakuna saikolojia yoyote. Ni advansi. Fundi anapokea elfu kumi ya mteja wa leo, ananunulia zipu na uzi wa mteja wa wiki iliyopita ambaye advansi yake ilishaliwa kwenye kodi ya fremu. Sasa akimwambia huyu wa leo hapana, yule wa juzi atashonewa na nini? Ni mnyororo, ukikatika sehemu moja umefunga duka. Mimi nina karakana ya milango na madirisha, naongea kitu nakijua. Njaa ndo inasema njoo Ijumaa, wewe unadhani ni roho yako nzuri.

#6 Fundi_Pindo

Mkurupukaji hapo umenigusa, nimerudi kwenye daftari kuhesabu. Katika zile 43 za kazi ni 26. Nilizopokea advansi ni 11. Zilizobaki 15 sikushika hata shilingi, kuna wengine watatu wamenikopa na mimi ndo nikawa nawapa pole.

Na zile 17 za nje ya kazi njaa yake ipo wapi? Nimekubali kuwa mweka hazina wa msiba wa mtu ambaye jina lake nililijua siku ya mazishi. Nimeazimisha pasi yangu ya mkaa ya kazini. Nimekubali kumfundisha ushonaji mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi bure na mtoto mwenyewe hataki, anakuja anakaa anachezea chaki.

@DotiMbili nimekuona dada. Nakuja pembeni.

#7 DotiMbili

NILIJUA.

#8 Chogo la Mwewe

Uzi umeanza kunoga sasa 😂😂

#9 Mama Kulwa

Mwanangu Pindo mimi ni mtu mzima kidogo humu nitakwambia. Hicho kitu ni kutumwa. Sisi na nyie wa nyuma yetu tumekua tunatumwa na kila mtu. Unapita zako njia, mtu hata humjui, "we mtoto njoo, kaninunulie sigara". Unaenda. Ukirudi kwenu umechelewa unachapwa na mama, ukijitetea nilitumwa na baba fulani mama mwenyewe anasema haya basi sawa. Yani ukiwa na miaka saba ulikuwa unajua kukubali kunakuokoa na fimbo za pande zote mbili. Na ukisema sitaki, habari ilifika nyumbani kabla yako. Sasa huyo mtoto alifundishwa lini kwamba amekua? Hakuna sherehe ya kuambiwa kuanzia leo unaweza kukataa. Umeota ndevu lakini ndani mtu akisema "njoo" miguu inaenda yenyewe.

Ule wepesi wako wa kujibu kabla mtu hajamaliza mimi hata haunishangazi. Ni mbio za dukani hizo.

#10 Bwana Roho Mbaya

Shikamoo Mama Kulwa. Lakini na mimi nimetumwa mpaka magoti yakaota sugu, tena Tabora juani, na leo hii mtu akiniomba buku namwambia sina huku noti anaziona. Na kaka yangu tumbo moja ni kama Fundi Pindo, ana madeni ya watu wengine. Fimbo ileile, mama yuleyule. Sasa?

#11 Mama Kulwa

Marahaba. Wewe ulikuwa unatoroka nazo hela za sigara, sema ukweli.

#12 Bwana Roho Mbaya

😂😂😂 mama umejuaje

#13 kijana wa desa

Wakuu nachangia kidogo kitaalamu. Kuna jaribio lilifanyika Marekani na jamaa anaitwa Stanley Milgram. Mtu anawekwa chumbani na wenzake, wanaonyeshwa mstari mmoja kisha mistari mitatu, waseme upi unalingana na ule wa kwanza. Jibu lipo wazi kabisa hata mtoto analiona. Ila wale wenzake wamepangwa, wote wanataja jibu la uongo. Theluthi nzima ya watu wakafuata uongo. Kwa hiyo sio mafundi tu, binadamu ndo alivyo, hataki kuwa wa peke yake.

#14 Mshona Viatu PhD

Kijana desa lako lina kurasa zimechanganyika. Mistari ni ya Solomon Asch, miaka ya 1950. Milgram ni yule wa umeme pale Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1961, watu waliambiwa wampige mwenzao shoti kila akikosea, kwenye lile kundi linalotajwa sana walikuwa 40 na 26 wakaenda mpaka swichi ya mwisho ya volti 450. Shoti zenyewe zilikuwa za uongo ila wao hawakujua. Kuwachanganya unasamehewa maana Milgram aliwahi kufanya kazi chini ya Asch.

Pili, theluthi sio ya watu, ni ya majibu. Watu walioteleza angalau mara moja walikuwa kama robo tatu. Na robo hawakuyumba hata mara moja, watu wanawasahau sana hao.

Tatu ndo tamu zaidi: Asch akipandikiza mtu mmoja tu chumbani anayetaja jibu la kweli, kufuata mkumbo kunaporomoka. Mtu mmoja tu.

#15 kijana wa desa

Asante mkuu, nimesahihishika.

#16 Kamati Kuu

Hiyo ya tatu ya Mshona Viatu nimeiona kwa macho yangu wala sikujua imeandikwa mahali. Kikao cha harusi, ukumbi wa baa, soda mezani. Mwenyekiti anaanza kuzunguka na ahadi, wa kwanza laki mbili, wa pili laki mbili, wa tatu laki mbili na nusu (huyu ana deni la ada ya mtoto namjua), imekuja kwangu mdomo umeshafunguka kusema laki mbili. Akatangulia mzee mmoja kwenye kona ambaye hata zamu yake haikuwa, akasema mimi naomba niandikwe elfu thelathini, nina mgonjwa. Kimya. Halafu ukasikia watu wanapumua. Baada ya hapo elfu hamsini, elfu arobaini, hamsini. Mwenyekiti alinuna mpaka mwisho wa kikao lakini harusi ilifanyika na pilau tulikula.

Mimi ningeahidi laki mbili, nisingetoa, halafu ningeanza kumkwepa bwana harusi. Kama Pindo kwenye chipsi.

#17 Mkurupukaji

Bado mnazungukia pesa tu hapo. Angekuwa nazo laki mbili asingekuwa na tatizo.

#18 Mwl wa zamu

@Mkurupukaji ngoja nikupe ya kwangu uone kama ni pesa au ni kitu kingine.

Mimi ni mwalimu. 2019 mwenzangu wa ofisi moja akaja na fomu ya mkopo wa ushirika wetu wa kazini, anahitaji mdhamini wa tatu. Alinikuta nasahihisha, akaiweka fomu juu ya daftari la mtoto, akaweka na kalamu juu ya fomu. Ile kalamu wakuu. Ilikuwa imeshafunguliwa. Nikasaini huku naendelea kuongea habari za mtihani wa darasa la saba. Nilikuwa sitaki, mke wangu alishanionya juu ya yule bwana kwa jina. Lakini kumrudishia kalamu ilionekana kama kumtukana mtu.

Akahama kituo, makato yakasimama, wakaja kwangu. Miezi 14. Na mshahara wenyewe bodi ya mikopo ya elimu ya juu inachukua asilimia 15 ya msingi kabla hata sijauona. Mimi njaa yangu hapo ilikuwa ipi? Nilikuwa sipati hata mia. Nilichopata ni dakika mbili za kutokuonekana mbaya.

#19 Roda wa Ilala

Pole mwalimu. Hivi si wanatakiwa wamfilisi yeye kwanza akishindwa kabisa ndo waje kwa mdhamini?

#20 Wakili wa mtaani

Hapana, huko ndo wengi wanakoingizwa mjini. Kwa Sheria ya Mikataba Sura ya 345 dhima ya mdhamini inalingana na ya mkopaji mwenyewe isipokuwa mkataba wenu useme vingine. Ukisaini ni kama umekopa wewe. Ila mwalimu, ukishalipa unayo haki ya kumdai yule jamaa ulicholipa. Umemdai?

#21 Mwl wa zamu

Nimekutana naye mara moja stendi Msamvu, akaniita kaka, akanikumbatia, tukaongea habari za watoto. Nikamnunulia maji.

#22 Chogo la Mwewe

UKAMNUNULIA MAJI 😭😭😭

#23 Bwana Roho Mbaya

Mwalimu naomba namba yako nina fomu hapa.

#24 Bi Kiuno wa Ng'ambo

Asalaam aleikum. Nyie watu wa bara mnajitesa bure, sisi Unguja tunayo njia. Unasema inshallah basi. Mtu akisikia inshallah yenyewe ile ya kuvuta anajua hapo hamna kitu, hamgombani, anakwenda zake.

Na kina mama wana kanga. Shangazi yangu alikuwa na jirani kila alasiri yuwaja na kikombe kuomba sukari, mwisho shangazi akamnyima, basi yule akamchamba mtaa mzima. Shangazi hakujibu neno. Kesho yake katoka kufagia uwanja kajifunga kanga mpya, NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Akafagia pole pole mpaka mlangoni kwa yule bibi. Kikombe hakikurudi tena.

#25 Roda wa Ilala

Hii ya kufagia mpaka mlangoni imeniua kabisa.

#26 Ba Naima

Waaleikum salaam. Bi Kiuno kwa heshima zote, inshallah sio hapana ya adabu. Suratul Kahf aya ya 23 na 24 inakataza usiseme kitu hakika nitakifanya kesho ila uongeze Mwenyezi Mungu akitaka. Maana yake umeazimia kweli na unamwachia Mungu. Kuitumia huku moyoni umeshakataa ni kumpakazia Mungu uongo wako. Tuliozoea tuache.

#27 Mama Kulwa

Na Mathayo 5:37, maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo. Naona dini zote mbili zimemkamata fundi.

#28 Mshona Viatu PhD

Mimi ya kanga naipenda ila nauliza kwa nia njema. Kanga inaongea, mwenye kanga kanyamaza. Tofauti yake na kabati la chipsi ni nini?

#29 Bi Kiuno wa Ng'ambo

Tofauti ni kuwa shangazi alitoka nje na ufagio. Fundi wenu kajificha.

#30 Nahau Nusu

Kuna kitu cha lugha hapa naomba nikitupie. Neno hapana lenyewe ukilipasua ni ha-pa-na, yaani mahali hapa hakuna kitu. Ni ndugu yake hakuna na hamna. Tunasema hapana maji, hapana njia. Kwa asili lilikuwa linasema habari ya mahali tu, habari ya mtu kumkataa mwenzake imekuja kwa matumizi. Kwa hiyo fundi ukisema "Ijumaa hapana nafasi" hujamkataa mtu, umemsomea hali ya siku. Wazungumzaji wa lugha hii walijua wanachofanya.

#31 Bwana Roho Mbaya

Na "sitaki" ukiipasua inakuwaje? Maana mimi ndo naitumia.

#32 Nahau Nusu

Hiyo haipasuki mkuu, hiyo ni jiwe.

#33 Mangi wa Kihamba

Kwetu Uchagani mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, hauwekewi ukuta, unapandwa masale, ule mmea wa majani marefu ya kijani. Kila mtu anajua sale likisimama pale huvuki na jembe lako. Lakini jani hilohilo la sale ndilo unalolibeba ukienda kumwomba msamaha mtu uliyemkosea, na ukishakuja nalo kukukatalia ni vigumu sana.

Nilikuwa sijawahi kuweka hayo mawili pamoja mpaka nasoma huu uzi. Babu yangu aligombana na jirani juu ya mpaka, mmoja alikuwa anahamisha masale usiku hatua moja moja, mwaka mzima migomba mitatu imehamia upande wa pili. Walipopatanishwa, jirani alikuja na sale mkononi. Babu akalipokea, akaenda nalo moja kwa moja kulipanda pale pale mpaka ulipokuwa zamani. Wote wakacheka, pombe ya mbege ikaletwa.

Ila sisemi Wachaga tunajua kukataa. Njooni Desemba muone mtu anavyokopa ili aende nyumbani na gari la kukodi.

#34 Anti Suzi

Naona mnaongea kama vile hapana ina bei moja kwa watu wote. Mangi amegusa Desemba ngoja nimalizie.

Mimi nimeolewa huko huko juu. Miaka sita kila Desemba nikifika, mume anapokelewa na kiti, mimi napokelewa na kisu cha kumenyea ndizi. Sio kwa ubaya, wanafurahi kabisa, mke wetu amekuja. Utomvu wa ndizi unaingia kwenye kucha mpaka Februari hautoki. Nakubali natabasamu, usiku namgombeza mume, yani hasira nampa mtu ambaye hajaniomba kitu.

Mwaka wa saba nikajichunguza kama Pindo, sikuandika ila nilijiangalia. Nikagundua ndizi sio tatizo, napenda kumenya nikiwa na watu. Tatizo ni kumenya peke yangu saa kumi na moja alfajiri wakati mawifi watatu wamelala. Basi nikamwambia mama mkwe kwa upole kabisa, mama kesho nitaamka saa moja, nitamenya na kina wifi. Sentensi moja tu hiyo.

Mama mkwe alisema sawa. Wifi mkubwa huu mwaka wa tatu hanisalimii. Kwenye grupu la familia anajibu salamu za wote ananiruka mimi. Mwanaume akisema hivyo ni mtu wa msimamo, mimi nimekuwa mke aliyesomea kiburi. Sijutii ila msimwambie fundi kwamba watu watamwelewa. Wengine hawatamwelewa na wataishi miaka mingi na afya njema.

#35 Mama Kulwa

Suzi mwanangu nimekusoma mara mbili.

#36 Mkurupukaji

Hapo sawa, hiyo sio pesa. Nakubali robo.

#37 mzee wa busati

Mnasahau wazee walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyerere alilitia mpaka kwenye Azimio la Arusha. Mila zetu zina mipaka tangu zamani, nyie ndo mmeiacha.

#38 Wakili wa mtaani

Mzee wa busati, Azimio ni 1967. Hiyo methali Mwalimu aliitumia kwenye andiko lake la Ujamaa la 1962. Na hapo alikuwa anaongelea kazi, kwamba zamani hata mgeni alikuwa hakai bure. Sio kwamba umfukuze shemeji yako.

#39 mzee wa busati

Shemeji yangu yupo siku ya 61, jembe analiona pale ukutani kila asubuhi.

#40 Fundi_Pindo

Wakuu samahani nilipotea siku tisa, nilikuwa nafanya mnayoyasema. Shukrani kwa wote, nalipa kwa mrejesho.

Kwanza ile ya Nahau Nusu imefanya kazi kuliko zote na sikuitegemea. Nimechukua ubao wa dari uliobaki kwa fundi seremala, nikaupaka rangi nyeusi, nikaandika kwa chaki WIKI HII NAFASI 8. Kila nikipokea kazi nafuta naandika namba mpya. Ikifika 0 sina cha kusema, ubao unasema. Mshona Viatu najua utasema ni kanga ileile. Ni kweli, lakini nimeutundika mlangoni na mimi nimekaa chini yake.

Pili mkono. Nilishajua unapanda shingoni, basi futi kamba siivai tena, naitundika kwenye msumari. Mara ya kwanza mkono ulipanda ukakuta hakuna kitu, ukabaki hewani, nikajiona kabisa. Pale pale nikaupeleka kwenye daftari nikasema ngoja niangalie. Ile kuangalia daftari ni kama sekunde tano hivi. Nilidhani mteja atakasirika kwa sekunde tano. Anakuwa anaangalia simu yake tu.

Kicheko kimenishinda. Bado nacheka hehe, halafu nasema hapana. Watu wananiona kichaa.

Hasara: wateja wanne wameondoka. Mmoja kanitukana, kasema mafundi mkipata vihela mnaleta dharau, na huyo nimemshonea tangu akiwa kidato cha pili. Siku hiyo sikula. Kwa hiyo Mkurupukaji na wewe una chako, kuna wiki nitaufuta ubao niandike 12, najua.

Kwa balozi bado sijaenda. Mtoto bado anachezea chaki, ila sasa namtuma awe anaandika namba kwenye ubao.

#41 Bwana Roho Mbaya

Yani na wewe umepata wa kumtuma. Mama Kulwa njoo uone.

#42 Mshona Viatu PhD

Sitasema ni kanga. Nitasema tu kwamba umeongeza nafasi moja kati ya kusikia na kujibu, na kwamba kilichokufanya uone ni wiki tatu za kuandika bila kujirekebisha. Watu wengi wanaruka hiyo hatua, wanasoma ushauri usiku, asubuhi wanaanza kukataa kila mtu mpaka mama zao.

#43 kijana wa desa

Mimi hapo nilishafanya, nilimkatalia mama hela ya mbolea. Nikatuma jioni na ya kutolea.

#44 Ba Naima

Ya mama ulikosea tangu mwanzo kijana.

#45 Anti Suzi

Fundi hongera. Ila hao wanne usiwahesabu peke yao, hesabu na siku ulizokula chakula cha mchana umekaa kwako.

#46 Chogo la Mwewe

DotiMbili yuko wapi? Gauni vipi?

#47 DotiMbili

Nipo. Nilikuwa sitaki kuandika nikiwa na hasira.

Nilienda. Nilimkuta yupo, kweli amekaa chini ya ubao, hakukimbia. Akacheka ile hehe yake, nikasema sasa huyu ananicheka. Akaniambia dada gauni lako nimelikata, sijaliunga, sendofu yako ni Jumamosi na siwezi kulimaliza kabla ya Jumanne. Hakunizungusha. Akanirudishia advansi yote elfu kumi na tano, kitambaa kimekunjwa vizuri, vipande vyote amevibana kwa pini na vipimo vyangu kaviandika kwenye karatasi.

Ningependa niwaambie nilifurahi kuambiwa ukweli. Sikufurahi. Nilisimama pale nikatamani aniambie njoo Ijumaa kama zamani, nirudi nyumbani na matumaini yangu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa na mtoto wa balozi alikuwepo. Fundi nisamehe kwa yale ya mwisho.

Nikachukua vipande vyangu nikavuka barabara kwa fundi mwingine. Kijana mchangamfu, kavipokea, hata hakuvifungua. Kasema hamna shida dada yangu, njoo Ijumaa.

#48 Mama Kulwa

Yesu na Maria.

#49 Bwana Roho Mbaya

Huyo kijana wa ng'ambo ya barabara anakula chipsi wapi?

#50 Fundi_Pindo

Dada Doti ilishaisha hiyo. Yule kijana namjua, nilimfundisha mimi. Nitamvushia mashine yangu ya overloki Alhamisi usiku, yake imekufa mota. Wewe nenda Ijumaa saa kumi, sio saa nne.

#51 Mkurupukaji

Subiri. Umekubali kumwazima overloki alikuomba?

#52 Fundi_Pindo

Hajaomba.

#53 Chogo la Mwewe

Andika kwenye daftari. K/S.